Ukurasa wa Saba

Evanthia aliamka na furaha tele, masikini, maana habari yake ilikuwa imetoka gazetini. Wiki nzima alikuwa akifuatilia kwa nini watoto kumi na wanne wa shule ya mtaani waliumwa matumbo. Majibu ya maabara aliyaona kwa macho yake: tatizo ni maji ya bomba. Stamatia, mpishi wa shule, hana kosa. Hivyo ndivyo alivyoandika.

Akaenda kibandani kwa Sotiris, ambako magazeti hutundikwa kwa vibanio vya nguo, watu wakasoma ukurasa wa mbele bure na kwenda zao. Akasoma naye: MPISHI WA SHULE ACHUNGUZWA, WATOTO 14 WAUGUA. Habari ya maji na majibu ya maabara ilikuwa imefichwa ukurasa wa saba.

Akampigia simu mhariri. "Mzee, umenifanyia nini?"

"Kwani nimedanganya? Hakuchunguzwa?"

"Alichunguzwa akaonekana safi!"

"Usafi wake watausoma ndani. Bomba haliuzi gazeti, binti."

Evanthia akakata simu. "Sotiris, leo umeuza magazeti mangapi?" aliuliza kwa hasira.

"Mawili. Ila wa kusoma bure, mbona shingo zimewakauka!"

Wazazi walikuwa wakipita kupeleka watoto shule. Mama mmoja alisoma akamwambia mwanawe, "Leo usile kitu kule, umenisikia?" Evanthia akalibandua gazeti, akalitundika upya, ukurasa wa saba ukitazama nje. Wapi! Nani asimame kusoma vijiherufi vile?

Basi akaanza kuisoma habari yake kwa sauti, uso ukimwaka kwa aibu kama mchuuzi wa siku ya kwanza. Wakasimama wawili, kisha watano.

"Kumbe ni maji!" baba mmoja akamaka. "Sasa si mngesema?"

"Tumesema."

"Wapi?"

Evanthia akamwonyesha ukurasa wa saba kwa kidole, akaendelea kusoma mpaka kengele ya shule ikalia.

Mchana alikwenda jikoni kwa Stamatia kumwomba radhi. Sufuria la dengu lilikuwa limejaa karibu mpaka juu.

"Napikia watoto sitini," Stamatia alisema. "Leo wamekula kumi na mmoja."

"Hao wazazi wao niliwasomea pale kibandani, mama. Nisamehe. Sikuwahi wote."

Stamatia alimtazama, akapakua sahani, akamsogezea pamoja na kipande cha mkate.

"Kula, mwanangu," alisema. "Kesho uanze kusoma saa moja kamili, kabla hawajaanza kupita."