Vidole vya Khairat

Khairat hakuwa na subira na kipanya. Watu wanaokisukuma huku na huku wakitafuta pa kubofya aliwaona kama watu wanaopapasa ukuta wa nyumba yao wenyewe. Katika ofisi ya vyumba viwili pale Chake Chake, ambako sauti za wazee wa Pemba zilirekodiwa na kuhifadhiwa ili lugha yao isipotee, yeye alifanya kazi zote kwenye skrini nyeusi, kwa kuandika amri tu. Amri ya juzi aliirudisha kwa Ctrl na R na herufi mbili. Akikosea mwanzo wa mstari, Ctrl na A ilimfikisha. Mstari mzima ukimchukiza, Ctrl na U iliufagia. Na jina la faili hakulimaliza hata siku moja: alitia herufi za mwanzo, akabonyeza Tab, mashine ikamalizia yenyewe.

Mkuu wake, Nadeem, mtoto wa wauza vitambaa wa hapo mjini, alikuwa mtu wa kipanya na wa kusoma kila kitu mara mbili.

"Bi Khairat, soma mstari kabla hujaupeleka."

"Nikisoma kila mstari, bosi, wazee hawa watakwisha wote sijawamaliza."

Ulikuwa mzaha, lakini wazee kweli walikuwa wakiondoka. Ndiyo maana palikuwa na folda iliyoitwa marehemu. Hakuna aliyemwagiza Khairat kuifungua. Ilimwia vigumu tu kumwacha aliyekufa katikati ya walio hai, kama vile isivyofaa kulitaja jina lake likiwa tupu, bila ya kutanguliza marehemu. Habari ya msiba ikifika, yeye humsomea mtu dua, kisha huzihamishia sauti zake huko, kila mtu na folda ya jina lake.

Folda ya pili iliitwa maradufu, nayo ilikuwa jaa. Humo zilirundikana nakala alizozitoa kila alipokata vikohozi na kimya kirefu katika rekodi, na kwa siku aliifuta mara nne au tano, ikajiunda tena alipokata rekodi nyingine. Aliandika amri ya kufuta, rm -rf, akatia mar, akabonyeza Tab. Hapo mashine husita, kwa kuwa majina mawili yanaanza hivyo. Basi huongeza a, Tab tena, halafu Enter. Mar, Tab, a, Tab, Enter. Vidole vyake vilikwisha kuijua njia hiyo kama miguu ya mzee inavyoijua njia ya msikitini, na kichwa kilikuwa huru kuwaza mengine.

Bi Asya wa Chokocho alifariki mwezi wa Rajabu. Aliacha mtoto mmoja, Usama, mtu wa miaka hamsini na kitu, ambaye mamake hakusema naye kwa miaka minne. Usama aliikata mikarafuu ya marehemu babake apate kiwanja cha kujenga. Bi Asya aliisikia ikianguka kutoka jikoni kwake, na tangu siku hiyo akamfungia mlango. Alikufa hivyo hivyo, na Chokocho nzima ikasema Usama kamzika mama bila ya radhi. Asiye na radhi ya mama watu humpa mkono, lakini hawamwachi atangulie katika jambo.

Wiki mbili baada ya maziko, Khairat alikuwa akikata kimya katika rekodi ya mwisho ya Bi Asya, iliyohusu kusuka ukili wa mikeka. Mwishoni kabisa, bibi alinyamaza, akamtaja mwanawe, akasema neno la msamaha. Khairat machozi yalimtoka. Aliihifadhi rekodi katika folda ya asya, akatafuta namba ya Usama huko Chokocho, akapiga.

"Mzee Usama, mamako kakutaja. Kakusamehe. Njoo Jumatatu, usikie kwa masikio yako."

 Upande wa pili akamsikia mtu mzima analia, na yeye akaona haya, akakata simu.

Jumatatu asubuhi Khairat aliwahi kazini akiwa na furaha. Nadeem naye aliwahi, na kwa kutaka kumpunguzia kazi, akaifuta folda ya maradufu yote, pole pole, kwa kipanya chake. Akamwambia. Khairat alikuwa na vipokea sauti masikioni, akaitikia kwa kichwa bila ya kusikia alichoambiwa.

Saa tatu akaona bora asafishe kabla ya mgeni. Mar, Tab. Sasa lilikuwapo jina moja tu linaloanza hivyo, na mashine haikuwa na la kusita: ikaandika marehemu. Vidole havikungoja. Vikatia a, na ile a ikaingia ndani ya folda ya wafu, ambamo jina linaloanza na a lilikuwa moja tu. Tab. Enter.

Macho yalifika baada ya vidole. Mstari ulisomeka: rm -rf marehemu/asya/. Akabonyeza Ctrl na C, inayokatiza amri, akaibonyeza tena na tena, lakini hapakuwa na amri ya kukatiza. Ilikwisha.

Maji yakimwagika hayazoleki, ila watu hujaribu kuyazoa. Nadeem alijaribu saa nzima. Diski ya akiba ilikuwa Unguja kwa fundi. Kadi ya kinasa sauti Khairat mwenyewe aliisafisha kwa safari ya Micheweni. Programu ya kufufua faili ilileta vipande visivyofunguka.

Usama alifika saa nne na nusu, kanzu imepigwa pasi, kofia mpya. Khairat alimwamkia, akamweka kwenye kiti, na akamwambia kweli bila ya kuizungusha. Alitamani atukanwe. Usama hakumtukana.

"Sauti ishapotea," alisema. "Lakini weye uliisikia."

"Niliisikia, baba. Wallahi niliisikia."

"Basi nipa maneno yake. Kasemaje?"

"Kasema kakusamehe."

"Hayo yako, mwanangu. Mie nataka yake. Kasema 'nimemsamehe', au kasema 'Mungu amsamehe'?"

Khairat akafungua kinywa. La kwanza ni radhi. La pili ndilo watu husema juu ya mtu waliyekwisha mkatia tamaa. Maneno yenyewe aliyasikia mara moja tu, vidole vikiwa kazini, na hakujishughulisha kuyashika, maana kuyashika ilikuwa kazi ya mashine. Sasa alipoyatafuta, yalimjia yote mawili, kwa sauti ile ile ya Bi Asya, na yote mawili wazi. Nadeem alikuwa amesimama mlangoni akitazama chini.

"Nimemsamehe," Khairat akasema. "Kasema nimemsamehe."

Alikuwa amechelewa kujibu, na alijua kuwa amechelewa. Usama alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilimuuma kuliko tusi. Akainuka, akaiweka sawa kofia yake.

"Usijitie dhambini kwa ajili yangu," alisema. "Mama angelitamka neno hilo, usingelikuwa na haja ya kulitafuta."