Mtungi Chini ya Mayai

Stima ilipotea Kathiani asubuhi ya siku ambayo mayai ya Kanini yalikuwa yaanguliwe. Kuku wake wote walikuwa wamekufa kwa ugonjwa wa kideri. Mayai yale ya kienyeji ndiyo mbegu pekee iliyobaki. Yakipoa leo, basi, hana kuku tena.

"Wacha wasiwasi, Mama Nzisa," mumewe Musili alisema, akiichomeka inkubeta, mashine ya kuangulia mayai, kwenye betri ya sola. "Hii hutuwashia TV na taa siku mbili. Mayai ni nini?"

Kabla ya adhuhuri betri ikaanza kulia. Pii, pii.

"Imeharibika!" Musili akaipiga kofi.

"Haijaharibika. Imeliwa."

Kanini alisoma kibandiko cha inkubeta: wati mia mbili. Betri ilikuwa ya ampea-saa sabini, volti kumi na mbili. Akazidisha kwenye simu. Wati-saa mia nane na arubaini, na hita ya inkubeta ilikuwa imezimaliza karibu zote.

"Taa inaonja tu, Baba Nzisa. Hita inakula."

Kipimajoto kilikuwa kimeshuka kutoka digrii thelathini na saba na nusu hadi thelathini na sita.

Macho yake yakatua kwenye jiko. Lita moja ya maji ikipoa digrii moja hutoa kilojuli nne na kidogo. Hilo hakulisahau tangu shule. Akapiga hesabu ya lita ishirini, kutoka digrii themanini hadi arubaini, akagawa kwa tatu nukta sita apate wati-saa. Akarudia, maana hakuamini. Zilipita mia tisa.

"Mtungi mmoja wa maji moto umeishinda betri yako."

"Maji? Mama Nzisa, umeanza uganga?"

"Pepea makaa!"

Musili alipepea, jasho likimchuruzika. Kanini alikata waya wa hita, akaacha feni ya kusambaza joto peke yake ilambe masalio ya betri. Maji yalipokuwa tayari, wakaufunga mtungi kwa blanketi, wakausukuma chini ya trei.

Thelathini na nne. Thelathini na tatu.

Kisha namba ikagoma kushuka. Ikapanda, polepole.

Stima haikurudi. Jua likiegemea magharibi, ganda moja likapasuka na mdomo mdogo ukachungulia.

"Aiya!" Musili akanong'ona. Tayari alikuwa ameshika mtungi wa pili. "Huu nao tuuchemshe?"

"Bado unauliza?"