Hita Aliyoifunga Marehemu

Hita ilianza kunguruma Jumatatu asubuhi, mkutubi akimsugua mama mkwe wake mgongo. Lilikuwa tangi la chuma lililofungwa ukutani, juu kabisa, karibu na dari ya bafu. Mumewe alilifunga kwa mikono yake mwaka waliooana, na sasa ni mwaka wa pili tangu wamzike. Mama mkwe, ambaye viungo vyake havinyooki mpaka vipate maji ya moto, aliinua uso akasikiliza.

"Linakoroma kama mwenyewe," akasema, akacheka.

Mkutubi hakucheka. Kazini siku hiyo hakukukalika. Alipanga rafu ileile mara tatu, akapiga simu nyumbani mara nne kuuliza kama Mama ameingia bafuni tena.

"Nioge mara ngapi, kwani mimi samaki?" Mama akamjibu.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alimwambia atulize moyo. "Chuma cha zamani hicho, Shemeji. Badilisha koili ya kuchemshia tu, litatuzika sote." Mama mkwe hata habari ya fundi hakutaka kuisikia. "Kila nati pale imepita mkononi mwa mwanangu. Mkiling'oa, nitaoga maji baridi hadi nife."

Alhamisi maji yalitoka na rangi ya chai. Mkutubi aliomba ruhusa kazini, akamwita fundi bomba, mwanamke mfupi ambaye wateja wake humwita Dada Spana. Fundi alizima umeme, akapanda ngazi, akagonga tangi hapa na pale. Kisha akainama kuchungulia chini yake.

"Dada, hebu panda uone mwenyewe."

Chini ya tangi palikuwa na vali ndogo ya shaba. "Hapa ndipo tangi linapopumulia," fundi akaeleza. "Presha ikizidi, maji yatoke. Sasa angalia."

Mdomo wa vali ulikuwa umezibwa kwa bolti, na bolti imezungushiwa utepe mweupe, ncha yake imekunjwa kwa ndani vizuri kabisa. Mkutubi aliujua mkunjo ule. Mumewe alifunga hivyo kila kitu, hata vifurushi vya zawadi.

"Kidhibiti joto nacho kimekufa," fundi akaendelea. "Maji yanachemka tu na hayana pa kutokea. Mmekuwa mkioga chini ya bomu. Nani aliziba hapa?"

Mkutubi aligusa utepe ule kwa kidole. Mumewe akiwa hai, vali ile ilikuwa ikidondosha, tone baada ya tone, na ni yeye aliyelalamika kwamba matone yanamnyima usingizi. Kesho yake yalikoma. Wala hakuuliza yalikomaje.

"Tukibadilisha koili na vali?"

"Tangi lenyewe limeliwa na kutu. Mimi umeme hapa sirudishi."

Fundi alipoondoka, mkutubi alizunguka jikoni. Aliosha kikombe kisafi, akakirudisha, akakitoa tena. Angeweza kusema ni kutu tu, yakaisha.

"Fundi kasema nini?" Mama akauliza kutoka kitini.

"Kutu, Mama."

"Na kingine? Maana kutu haimtembezi mtu hivyo."

Basi akamwambia yote, bolti na matone. Mama alikuwa akisugua vidole vyake vilivyopinda, kimoja kimoja.

"Alikuwa mtoto wa kuzibaziba," hatimaye akasema. "Redio ikikwaruza, haifungui, anaipachika karatasi. Nilikuwa namsifu."

"Hakukusudia, Mama."

"Najua. Na wewe hukukusudia." Akavuta pumzi. "Ling'oeni. Ila msilipitishe mbele yangu."

Jumamosi shemeji alikuja kumsaidia fundi. Alipoiona bolti, akashika spana. Mkutubi alikaa na Mama chumbani, mlango umefungwa, wakisikia chuma kikikwaruza sakafu hadi mlango wa nyuma. Mama alimbana mkono mpaka vidole vikafa ganzi.

Hita mpya ilikuwa nyeupe, ndogo, haina sauti. Jumapili asubuhi Mama alitaka kuoga peke yake, ameshika kishikio cha ukutani. Mkutubi akabaki nje ya mlango, ametega sikio, akienda huku na kule.

"Yana moto?" akauliza.

"Yana moto wa kistaarabu mno," Mama akajibu. Kisha, maji yakiendelea kumwagika: "Mwanangu, nakusikia unavyotembea. Kaa chini."

Akavuta kigoda. Akakaa.