Waliosahauliwa na Bi Kulthum

Jumanne saa nne asubuhi, Bi Kulthum alikuwa nyumbani kwake Old Kampala akitarizi shingo ya kanzu kwa uzi mwekundu, jina la muuza nyama likamtoka. Papo hapo Mubarak muuza nyama akawa amekaa mkekani, viatu amevua, kisu mkononi.

"Umenisahau, mama?"

"Nimekusahau, baba. Nishikie uzi."

Akamshikia. Kisha akarudi buchani kwa miguu, na kesho yake akaja mwenyewe, maana njia alishaijua.

Daktari alikuwa amemwambia Farhana, binti wa Bi Kulthum, kwamba ugonjwa huu wa kusahau hauponi, ila mama ataishi nao vizuri akiwa na watu. Basi watu walipatikana: kila aliyemsahau alijikuta papo hapo mkekani pake. Abalo, mke wa polisi wa Nakawa, alifika na povu la sabuni mikononi, akafua nguo za pale. Ustadhi Nasser alifika katikati ya aya, akaendelea nayo, na Bi Kulthum asiyemjua akaisoma pamoja naye hadi mwisho, hakukosea hata herufi. Nyumba ikachangamka.

Wasim tu, kitindamimba, ndiye hakuja. Aliishi Luzira, mtaa wa Kampala hiyo hiyo, si mbali. Farhana akampigia simu.

"Njoo ungali unajulikana."

"Kwani amenisahau?"

"Wapi! Kutwa nzima ni Wasim, Wasim."

"Basi si yuko sawa? Akinisahau nitaletwa."

Bi Kulthum aliposikia hivyo, akajaribu. Siku tatu alijitahidi kumsahau mwanawe, hata picha yake akaigeuza ukutani. Wapi.

"Amenikwama kooni kama mwiba wa samaki," akamwambia Abalo.

"Huyo hatemeki, mama. Umeze tu!" Wakacheka.

Mwezi wa Rajabu, Alhamisi baada ya alasiri, Wasim akawa mkekani na soksi zake, simu sikioni. Gari lake lilibaki Luzira likinguruma.

"Mama, ni mimi. Wasim."

Bi Kulthum alimtazama kwa upole. "Unafanana naye kidogo. Ila Wasim wangu ana nywele." Akammiminia chai. "Kunywa, mtoto wa watu. Lakini hapo usikae, sogea kwa wenzako. Hapo ni pake. Anakuja."

Wasim akasogea. Bi Kulthum akapapangusa pale palipobaki wazi kwa upindo wa kanga, akakaa akitazama mlango.