Mashua Iliyokwama Kabla ya Aden

Polikarp alirudi Songea mwezi wa Aprili 2001, akalala siku mbili nyumbani kwake Mshangano bila hata kuvua shati. Mkewe, Adela, aliwazuia watoto wasimsumbue, akaenda shamba peke yake.

Kwa miaka kumi na sita Polikarp alikuwa fundi wa injini za diseli katika kiwanda kimoja cha tumbaku. Kiwanda kikabinafsishwa, mwenye mali mpya akaja na mafundi wake. Polikarp alikaa nyumbani mwaka mzima, hadi Bruda Leo wa abasia ya Hanga, aliyemfundisha ufundi, alipomletea habari: Mjerumani mmoja mstaafu, Dieter, alikuwa Dar es Salaam na yoti yake ya matanga, akitafuta fundi wa kusafiri naye hadi Aden. Injini yake ilikuwa nzee kama yeye.

Hadi Salala, Omani, safari ilikwenda salama. Kutoka hapo zilibaki siku sita za bahari yenye maharamia. Wakakubaliana kufuatana na yoti nyingine, ya mama wa Kifaransa aitwaye Odile na mumewe. Usiku hawakuwasha taa. Walipeana zamu za saa tatu tatu, na aliyepumzika hakulala, alisikiliza tu. Kufikia siku ya nne Polikarp alikuwa akianza sentensi na kusahau alitaka kusema nini.

Mchana wa siku hiyo upepo ulikatika, wakaenda kwa injini. Odile alikuwa amebaki nyuma. Tanga lake lilionekana dogo kama kipande cha kucha. Mbele yao ilielea mashua ya buluu, haiendi popote. Ndani yake watu wanne walipunga mikono, mmoja ameinua dumu tupu.

"Usipunguze mwendo," Dieter alisema kwa Kiingereza chao cha kuokoteza.

"Wanaomba maji, mzee."

"Nimesema usipunguze!"

Polikarp akapunguza. Dieter alimtazama, akaketi.

Waliwapa maji. Kisha mmoja wao akaonyesha injini, naye Polikarp akashukia kwao na spana zake. Filta, chujio la mafuta, ilikuwa imeziba kwa uchafu, na mfumo wa mafuta umejaa hewa. Alipokuwa akiinama kufungua nati, mguu wake uligusa turubai, likafunuka kidogo. Chini yake zililala bunduki tatu.

Angeweza kuiacha hewa humo injini isiwake, akatikisa kichwa kana kwamba imeshindikana, akarudi kwenye yoti. Lakini mikono yake iliendelea kama ilivyozoea: akasafisha filta, akatoa hewa, akakaza nati. Injini ikawaka. Mkubwa wao akamshika bega, akampa mfuko wa tende, nao wakageuza mashua kuelekea mashariki, kule lilikokuwa tanga la Odile.

"Mwite kwenye redio, mzee," Polikarp alimsihi Dieter.

"Maharamia husikiliza redio. Watajua tulipo."

Hakuomba mara ya pili.

Walikuwa wamekaa Aden siku mbili wakati yoti ya Odile ilipoingia ikivutwa na meli. Odile na mumewe walikuwa wameporwa kila kitu, na mume alipigwa risasi ya paja. Odile alisema ilikuwa mashua ya buluu. Dieter alitazama chini. Polikarp hakumwambia kuhusu injini aliyoitengeneza.

Siku ya tatu nyumbani alimweleza Adela yote, wakipukuchua mahindi.

"Hata wavuvi wa huko hubeba bunduki," alisema. "Labda hawakuwa wale."

"Ulisimama kwa sababu walikuwa na kiu, Baba Noela."

"Kusimama, sawa. Ila injini niliitengeneza kwa woga."

Adela aliweka gunzi chini. "Mwandikie huyo mama."

Odile alikuwa amempa anwani kule Salala, Polikarp alipomtengenezea pampu ya yoti. Polikarp aliandika barua kwa Jumapili tatu, na mwalimu Tumsifu, jirani yao, akaitafsiri kwa Kiingereza. Alipomaliza alivua miwani.

"Una hakika nikaitume?"

"Itume, mwalimu. Nimechoka kukaa nayo."

Jibu lilifika Agosti. Polikarp alikuwa Msamala, ambako alikuwa amepata kazi ya kutunza mashine ya kusaga, na Tumsifu alimfuata huko huko, akamsomea wakiwa wamesimama katikati ya vumbi la unga. Mume wa Odile alikuwa akitembea kwa fimbo. Mashua za buluu kule ni nyingi, Odile aliandika. Kuhusu redio, hasira yake ilikuwa kwa Dieter. Kuhusu injini, hakujua amjibu nini.

Jioni Adela alimuuliza, "Anasemaje?"

"Anasema hajui."

"Na wewe?"

"Mimi nilitaka tu ajue." Akakaa kwenye kigoda, akaanza kufungua kamba za viatu polepole, akaomba maji ya kuoga.