Pazia la Mama Valary

"Leo huna kazi, Mama Kevin?" Mama Valary aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye sufuria ya chai.

"Kazi iko. Inafanywa." Nasambu akajikalia vizuri kwenye benchi. "Hata simu hawajapiga."

Alikuwa ametoka Kibera hadi huku Gatina, Kawangware, na rinda la kanisani, Ijumaa, saa ambazo mchoma chapati hapati hata nafasi ya kujikuna. Kwake, karibu na mtaa wa Ayany, wasichana walikuwa wakikanda, wakisukuma, wakichoma na kuuza bila yeye. Aliwafundisha kila kitu, na aliwafundisha kwa hasira. Kila alipomwonyesha mmoja kupima chumvi kwa kiganja, uso aliouona ulikuwa wa Mama Valary.

Maana ni katika kibanda hiki alimoajiriwa zamani, na ni hapa alipokuwa akichoma chapati mama yake alipozikwa Bungoma. Aliomba ruhusa akaambiwa, "Ukienda usirudi. Hapa kazi haijiendeshi." Akabaki, machozi yakimtiririka, wateja wakidhani ni moshi.

Sasa mama mzazi wa Mama Valary alikuwa anazikwa kesho, Kakamega. Nasambu alizisikia habari hizo kanisani. Akaja kutazama atafanyaje, huyu anayejifungia nyuma ya pazia kukanda unga, asimwamini hata msichana wake.

Mkoba ulikuwa tayari mlangoni. Unga bado ulikuwa mkavu kwenye beseni.

"Si ufunge uende," Nasambu akasema.

"Nikifunga, wateja watahamia ng'ambo ya barabara. Na hawa wasichana hawajui kukanda." Akafunika sufuria. "Mama Kevin, nishikie jiko."

Nasambu akanywa chai yake taratibu, mpaka majani ya chini. Jibu alilokuja nalo, lile lile aliloambiwa yeye, lilikuwa limemjaa mdomoni, tamu kama sukari nguru. Akalimeza. Alikuwa ameona lililo tamu zaidi.

"Nitakushikia."

Akakunja mikono ya rinda, akaingia, akalivuta pazia likashuka na kamba yake. Siri yenyewe ya unga aliijua zamani. Nani mwingine alikuwa akichemsha yale maji na kufua kile kitambaa?

"Mitchelle, kuja hapa," akamwita msichana wa kibanda. "Unga nusu unamwagiwa maji moto kwanza. Hivi. Halafu unalala chini ya kitambaa kibichi. Ulikuwa umeambiwa?"

"Hapana, auntie. Tuliambiwa tusichungulie."

Wateja wakacheka. Mmoja akasogea karibu aone.

"Sogea, baba, hakuna anayekufukuza. Mitchelle, tia mkono."

"Mama Kevin," Mama Valary akasema kwa sauti ya chini, "hiyo ni yangu."

"Ilikuwa yako. Nenda ukazike mama."

Mama Valary akachukua mkoba, akasimama mlangoni, mguu mmoja nje. Ndani, Mitchelle alikuwa amezama kwenye unga hadi viwikoni, anacheka peke yake kwa vile ulivyokuwa na joto.