Kamati ya Kumpenda Maka

Bwana Murithi, afisa wa ustawi wa jamii, alihamishiwa Garissa kutoka Meru katikati ya vita vya Serikali na shifta, waasi wa Kisomali, na alikuja na kipaji kimoja: kuunda kamati. Alipoambiwa kwamba wodini mwetu kuna mtoto asiye na mtu, hakuja kumwona. Aliunda kamati.

Mtoto tulimwita Maka. Askari walimwokota kwenye barabara ya Ijara kando ya maiti ya mama yake, hajatimiza mwaka. Macho yake hayakuona, shingo haikushika kichwa, na miguu ilikakamaa ikapishana. Daktari alisema hatatembea wala hatasema. Mimi Kasyoka, muuguzi wa zamu ya mchana, naongeza alilolisahau daktari: ukimpulizia sikioni alicheka.

Kamati ilipaswa kumtafutia familia kabla ya msafara wa jeshi wa Ijumaa. Ikishindwa, Maka angepakiwa kwenye lori na kupelekwa nyumba ya watoto Nairobi.

Familia yenyewe sharti iwe na nyumba ya bati, kitanda, na baba mwenye kazi. Haya yalitakwa mahali ambapo watu wamefungiwa katika kijiji cha Serikali, ndani ya uzio wa miba, na bati pekee wanaloliona ni la kituo cha polisi. Bi Zilpah, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, alitoa machozi kila mkutano. Kumbeba Maka hakuwahi. Alisema moyo wake hauwezi kustahimili.

Aliyejitokeza ni Justus, mwenye duka, naye mwanakamati. Alikuwa amesikia kwamba mlezi atapewa kibali cha kupita vizuizi vyote vya barabarani, kwa ajili ya matibabu. Siku nzima akamwita Maka "binti yangu", kisha akauliza kama kibali hicho kitafaa pia kwa lori la sukari. Murithi alipomwambia kwamba hakuna kibali, ubaba ulimtoka kabla chai haijapoa.

Na wakati wote huo Maka alikuwa na mama. Rukiyo aliruhusiwa kutoka kijijini asubuhi kutuuzia maziwa ya mbuzi. Akishauza, aliketi wodini akamnyonyesha mwanawe Alio, halafu akamnyonyesha Maka, polepole, akimwinua kila anapopaliwa. Alianza siku ileile mtoto alipoletwa. Kwa Waislamu wa huku, mtoto mchanga uliyemnyonyesha hivyo ni mwanao wa ziwa. Watoto wako ni ndugu zake, hata kuoana hawawezi. Kijiji kizima kilijua Maka ni wa Rukiyo. Nilimweleza Murithi, akanijibu kwamba kamati haitafuti maziwa.

Basi Rukiyo akaja mwenyewe mbele ya kamati, Alio mgongoni.

"Mtoto ni yangu," alisema. "Mimi nanyonyesha yeye. Sasa ni dada ya Alio."

"Mama, hiyo ni lishe, si undugu," alisema Murithi. "Una nyumba?"

"Ilikuwa. Askari yenu alichoma."

"Na ya sasa?"

"Ya ngozi na miti."

"Mtoto anahitaji bati."

"Maka haoni, bwana. Bati atajua namna gani?"

Murithi akakohoa, akauliza mume yuko wapi. Rukiyo akasema hajui, na jibu hilo mwaka ule lilitosha kumfanya mume wa mtu shifta. Kamati ikamkataa kwa kauli moja, Bi Zilpah akijifuta machozi. Rukiyo hakulia mbele yao. Alilia wodini, begani kwangu, kwa sababu akishapanda lori Maka asingeonekana tena, na mtu wa ndani ya uzio haendi Nairobi. Nilishikwa na hasira.

Ijumaa lori likaja. Dereva, sajini mmoja mchovu, akauliza jambo ambalo kamati haikuwahi kulijadili: nani atampakata? Mtoto haketi, kichwa hakisimami, anapaliwa akilishwa. Yeye ana usukani.

Kamati yote ilikuwa pale kumuaga. Murithi alikuwa na mkutano. Bi Zilpah akaukumbuka moyo wake. Justus, yule wa kupita vizuizi vyote, akasema lori humtapisha. Wakanigeukia mimi. Nikasema nina wodi nzima ya wagonjwa, na sijapata kufurahia wagonjwa kama siku ile.

Sajini akawasha injini.

"Basi mpeni yule wa maziwa," alisema Murithi, akitazama matairi. "Kwa muda tu."

Rukiyo alikuwa ameshamchukua. Akamfunga kifuani, maana mgongo ulikuwa wa Alio, na kichwa cha Maka kikalala chini ya kidevu chake.

"Mbaka lini?" akauliza.

"Mpaka tupate familia."

"Haya," alisema Rukiyo. "Tafuteni."